Nani Alikuonyesha Nyanja?

Siku picha za bahari zilipofika Muheto, kwenye milima ya Masisi, Kongo, Verdiane alicheka peke yake tangu asubuhi kama mtu anayetekenywa. Alicheka akimenya viazi, akacheka akimfukuza kuku jikoni, na hata sufuria ya maharage ilipoungulia chini hakuigombeza. Mama mkwe wake, Mama Nyiransengimana, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake kifupi mbele ya nyumba, alimtazama akipita mara hii akipita mara ile, mwisho akashindwa kunyamaza.

"Mama Aurélie, leo ulikunywa nini?"

"Nilikunywa nyanja, Mama!" Verdiane alijibu, akacheka tena.

Picha zilitoka kwa kaka yake, Hilaire, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam na kukaa huko na mke wake. Miaka yote Hilaire alikuwa akiahidi kwamba siku moja angewaita dada yake na shemeji yake waje na watoto wapumzike pwani. Ahadi za kaka ni kama mvua ya Masisi, huwezi kujua itakunyeshea lini, lakini lazima ikunyeshee. Sasa imenyesha. Vakansi kubwa ya shule ilikuwa karibu, na Hilaire alishatuma sauti yake kwenye simu: "Dada, mambo ya safari niachieni mimi. Nyinyi kazi yenu ni moja. Tazameni hizo picha, kuna Bagamoyo na kuna Kigamboni. Chagueni wenyewe pa kuwapeleka watoto, nitafute nyumba. Msije mkasema niliwachagulia vibaya."

Kuchagua! Verdiane, binti wa mkulima wa maharage, ambaye maisha yake yote kilima kilimchagulia pa kulima na mvua ikamchagulia siku ya kupanda, leo aulizwe anataka bahari ipi.

Lakini kicheko chake hakikuwa cha safari tu. Kilikuwa na mzizi mrefu zaidi, na mzizi wenyewe ulikuwa mume wake, Rukundo.

Zamani, Rukundo alipokuwa akimposa, Verdiane alikuwa na mchumba mwingine mlangoni, mwalimu mwenye pikipiki na viatu vinavyong'aa. Baba yake alimtaka mwalimu. "Huyu Rukundo iko na maneno tu," mzee alisema. Naye Mama Nyiransengimana kwa upande wake hakumtaka Verdiane. Yeye alikuwa ameshamchagulia mwanawe binti wa mfanyabiashara mmoja wa Mpofi, kule Walikale, msichana aliyeitwa Céline. Kwa hiyo wapenzi hawa wawili walipendana huku na huku wakipigwa mawe. Jioni moja, wakiwa wamesimama juu ya malisho ya ng'ombe, Rukundo alimshika Verdiane mikono miwili akamwambia: "Mie na weye hatujaona ile nyanja kubwa ya chumvi. Nakuapia, sitaiona bila weye. Tutaingiza miguu siku moja, saa moja, mukono ndani ya mukono." Mwalimu hakuwahi kusema kitu kama hicho. Mwalimu alizungumzia mabati. Basi Verdiane alifunga macho akamchagua mwenye maneno, na hakujuta, hata siku mvua ilipowavujia kitandani.

Leo neno lile lilikuwa likitimia. Ndiyo maana alicheka.

Baada ya kula, Rukundo alirudi kutoka kwenye kibanda anakotengenezea fromaji, jibini ya maziwa ya ng'ombe. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye macho ya upole, na harufu ya maziwa haikumtoka hata avae koti la kanisani. Verdiane alimsogezea mkeka, akaweka ungo wa maharage ya mbegu katikati yao, wakawa wanachambua pamoja huku simu ikiwa imelala magotini mwake. Alipenda kazi hiyo. Vidole vyao vilikutana ndani ya ungo, na Rukundo alikuwa na tabia ya kuvibana vidole vya mkewe kana kwamba amevidhania kuwa maharage.

"Papa Aurélie, tazama hii. Angalia mchanga mweupe. Na hii miti. Mie moyo yangu iko Bagamoyo."

Rukundo aliitazama picha, mkono wake ukasimama ndani ya ungo.

"Bagamoyo hapana," alisema.

"Juu ya nini?"

"Haiko muzuri kwa batoto. Tuchague Kigamboni."

"Lakini Kigamboni, Kaka Hilaire anasema maji yake iko na nguvu. Umwali angali mudogo. Huku Bagamoyo anasema maji ni ya chini, mutoto anatembea mpaka mbali na maji inamufikia ku magoti tu."

"Hilaire hajue batoto, yeye hajazaa," Rukundo alisema, akitupa haragwe bovu nyuma yake. "Pale maji inaondokaka. Unaamuka asubui na batoto, umeshabavalisha, munafika, maji haiko. Iko kule mbali, hapa kumebaki matope tu. Batoto wanalia. Mutangoja mpaka mangaribi irudi. Na usiku inarudi na sauti, inanguruma. Mutoto mudogo usiku wa kwanza hawezi lala, anawaza ni radi. Lazima umubebe, utembee naye, utembee naye, mpaka anyamaze."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Rukundo alijikwaa ulimi, na hakujua kama amejikwaa. Aliendelea kuchambua maharage.

Verdiane hakuelewa mara moja. Mwanzoni alishangaa tu kwamba maji yanaweza kuondoka. Yeye alilijua Ziwa Kivu, alishapita kando yake pale Sake, alishalala Goma kwa shangazi yake, na ziwa lile hakuliona hata siku moja likienda safari. Maji makubwa hukaa mahali pake. Mtu wa kilimani angejuaje kwamba bahari huondoka asubuhi na kurudi jioni? Kisha wazo la pili likaja nyuma ya lile la kwanza, polepole, kama ng'ombe anayefuata mwenzake mlangoni. Kumbeba mtoto? Rukundo? Mwanamume huyu alikuwa hajambeba Umwali hata kutoka kanisani hadi nyumbani, kwa sababu huku kilimani mwanaume akibeba mtoto watu wanamcheka.

"Papa Aurélie," alisema taratibu, "nani alikuambia maji inaondokaka?"

"Eeh?"

"Nauliza. Nani alikuambia?"

Rukundo alifungua kinywa. Na hapo ndipo Mama Nyiransengimana, kwenye kiti chake, aliporukia maneno ili kumwokoa mwanawe. Laiti angenyamaza.

"Alisikia ku radio!" alisema mama.

"Ni shofa moja wa malori aliniambia!" alisema mwana.

Walisema kwa pamoja, kama watu wanaoitikia sala, ila kila mmoja alikuwa na sala yake. Verdiane alimtazama mume wake, akamtazama mama mkwe wake, na moyo ukampasuka vipande viwili, kipande kimoja kwa kila mmoja wao. Maana kama uongo ni wa mume peke yake, mama anatafuta nini kuusaidia?

"Kumbe mulijua bote," alisema.

"Verdiane, sikiliza..." Rukundo alianza. Alikuwa hamwiti jina lake tangu Aurélie azaliwe. Verdiane alilisikia jina lake likiwa kinywani mwake, akaogopa.

"Ulishaona nyanja, Rukundo?"

Rukundo aliinamia ungo.

"Angalia ndani ya macho yangu, mie bibi yako. Ulishaiona?"

"Niliiona," alisema mwanamume yule, akiyatazama maharage.

Mtu akipigwa kofi huhisi joto kwanza, maumivu huja baadaye. Verdiane alihisi joto masikioni. Aliondoa simu magotini, akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Siku gani?"

"Mwaka jana. Wakati wa mvua."

Mwaka jana, wakati wa mvua! Alikumbuka vizuri sana, na ni nani angesahau? Rukundo alifunga mizigo ya fromaji, akaaga, akasema, "Niko naenda ku nyanja kuuza." Katika lugha ya kilima chao nyanja ni maji yoyote makubwa, liwe ziwa la Goma au bahari ya mwisho wa dunia, neno ni hilo hilo moja. Verdiane alijua ni ziwa. Alijua ni Goma, labda Minova, labda Bukavu kama bei si nzuri. Rukundo alikawia mpaka watu wakaanza kuulizana. Katikati ya siku hizo Umwali alishikwa na malaria kali, na Verdiane alimfunga mgongoni akateremka naye kwenye matope hadi kituo cha afya, huku akimpigia baba wa mtoto simu isiyopatikana. Aliketi kando ya kitanda cha mtoto akimwombea mume wake, akidhani ni mtumbwi umezama.

"Nilikuombea," alisema. "Mutoto anatetemeka, mie naombea weye. Nasema, Mungu, maji isimuchukue. Kumbe uko ndani ya maji unacheka."

"Sikucheka."

"Na nani?"

Rukundo alisugua uso kwa viganja. Mama yake alijifanya anatafuta kitu kwenye kitenge chake.

"Rukundo, na nani?"

"Na Céline."

"Yule wa Mpofi?"

"Njo yeye. Anaendaka Dar kuchukua bidhaa. Akasema twende mara moja tu."

"Na yule mutoto?"

"Mutoto gani?"

"Yule aliogopa usiku. Yule ulimubeba, ukatembea naye, ukatembea naye." Sauti ya Verdiane ilikuwa ndogo kiasi kwamba kuku waliopita hawakushtuka. "Mutoto ya nani?"

Upande wa pili wa kilima mtu alikuwa akiita ng'ombe wake. Rukundo alingoja mpaka sauti ile ikaisha.

"Anaitwa Damascène," alisema. "Balizaliwa mwaka moja na Umwali."

Sasa maumivu yalifika. Yalimwingia Verdiane chini ya mbavu, pale mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa, akajikunja juu ya ungo wa maharage. Mwaka mmoja na Umwali. Maana yake alipokuwa na tumbo, anatapika asubuhi, na Rukundo anamletea maji kwa mikono yake miwili akisema pole sheri, pole mpenzi, kulikuwa na tumbo lingine Mpofi. Wengi wangepiga kelele hapo. Verdiane alishika kingo za ungo kwa mikono miwili.

Mama Nyiransengimana aliona ni wakati wa busara.

"Mukazana wangu, usilie. Mwanaume ni mwanaume. Ule mutoto ni damu yetu, na ni mwanaume, angeachwa namna gani? Mie nilisema, tumufiche Verdiane asiumie. Ni huruma ilinituma."

"Huruma?" Verdiane aliinua uso. "Mama, mie nilikuwa nakuuliza kila siku, bwana yangu iko wapi. Weye unakula ugali yangu, unaniambia, tuliza moyo, iko ku nyanja."

"Na sikukudanganya. Alikuwa ku nyanja."

Rukundo aliinua kichwa ghafla. Aliona ndani ya maneno ya mama yake mlango mdogo, na mjinga yule akaukimbilia.

"Verdiane, mie pia sikukudanganya. Nilikuambia, naenda ku nyanja. Ni weye uliwaza lac, ziwa ya Goma. Mie nilisema nyanja."

Kama angesema shetani alimpitia, Verdiane angelia. Kama angesema alimpenda Céline, Verdiane angemrarua shati. Lakini mume wake alikuwa amekaa siku nzima, labda wiki nzima, akitafuta neno ambalo halingekuwa uongo mdomoni na lingekuwa uongo sikioni. Alilitafuta mpaka akalipata ndani ya lugha yao wenyewe, lugha aliyomposea. Huo ulikuwa usaliti wa pili, na kwa Verdiane ulikuwa mzito kuliko ule wa kwanza.

"Mutoto ningemupokea," alisema. "Sikia, Rukundo. Ungeniletea ule mutoto hapa ku mukeka, ungesema, nilikosa, ningelia, ningekuchapa, kisha ningemupikia. Mutoto haina kosa. Lakini ulikaa, ukachagua neno. Ukanichagulia neno kama vile mutu anachagua mbegu."

"Ninakupenda. Mungu anajua. Ninakupenda weye."

"Rukundo ni jina yako," Verdiane alimjibu. Kila mtu kilimani alijua maana ya jina lile ni upendo. "Ni jina tu. Haiko kazi yako."

Akataka kuinuka, lakini watoto wakatokea. Aurélie alikuja mbio kutoka kwa jirani, akimvuta Umwali mkono, wote wawili wana matope hadi magotini. Walikuwa wamesikia habari za picha.

"Mama, tuonyeshe! Ni ile tutaenda? Ni ile ya Mujomba Hilaire?"

Verdiane alifuta uso kwa kitenge, akawapa simu. Aurélie aliigeuza huku na huku.

"Mbona haionekane upande ya pili? Milima iko wapi?"

"Muulize baba yenu," alisema Verdiane.

"Mie sijue..." Rukundo alianza.

"Anajua. Papa Aurélie, baambie batoto. Nyanja iko namna gani?"

Alimtazama mumewe bila kupepesa. Rukundo alimtazama pia, akiomba kwa macho yale ya upole ambayo miaka yote yalikuwa yakimshinda. Leo hayakumshinda. Umwali alikuwa ameshapanda magotini mwa baba yake, anangoja.

"Ni maji," Rukundo alisema mwishowe. "Maji tu, mingi. Haina upande ya pili. Unatazama mpaka macho inachoka, unaona tu pale mbingu inakaa juu ya maji."

"Ni baridi?"

"Hapana, ni ya moto kidogo. Kama maziwa saa imetoka ku ng'ombe. Na ukionja iko na chumvi, unatema." Umwali alicheka, na kicheko cha mtoto kikamdanganya baba yake asonge mbele. "Maji inaendaka mbali, inaacha badudu banakimbia na kando, hivi, na kando. Unasimama, mchanga unakimbia chini ya miguu yako. Unawaza ni weye unaenda, kumbe ni maji. Ni kitu... ni kitu huwezi sema."

Verdiane alikuwa akisikiliza. Hakutaka, lakini alisikiliza, na aliiona. Aliiona bahari yote, na joto lake, na vidudu vinavyokimbia kando. Uso wa Rukundo ulikuwa umepata nuru, ile nuru ya jioni ya kwenye malisho, ambayo Verdiane alidhani ilizimwa na kazi na mvua na watoto. Kumbe haikuzimika. Ilikuwa imepelekwa kwingine. Alimpenda mwanamume huyu wakati huo huo, alimpenda mpaka akamchukia, na hakujua aweke wapi mikono yake.

"Siku ya mwisho," Rukundo alisema, sasa akiwasemesha watoto na kujisahau, "tuliamuka mapema, maji ilikuwa imeenda mbali sana, tukatembea pale ndani kabisa, tukashikana mikono, tuka..."

Akajisikia mwenyewe.

Aurélie alikuwa mtoto aliyezoea kuuliza. "Weye na nani, Papa?"

Rukundo alimgeukia Verdiane, kama alivyozoea kila mara watoto wakimuuliza jambo gumu, kwa nini babu alikufa, kwa nini ndama ameuzwa, maana Verdiane ndiye aliyejua kujibu na kumfunika aibu. Safari hii Verdiane alimwacha na swali lake. Aliichukua simu kutoka mikononi mwa Aurélie, akasimama, akabonyeza mahali pa kurekodi sauti.

"Kaka Hilaire, ni mie Verdiane. Tulishachagua. Ni Bagamoyo. Tafuta nyumba ya batu batatu."

Aliachia kidole. Ujumbe ukaenda.

Mama Nyiransengimana alishika mdomo. Aurélie alihesabu kwa vidole, akamgusa mama, akamgusa mdogo wake, akajigusa mwenyewe, na kidole cha nne kikabaki juu.

"Mama, na Papa?"

Rukundo alikuwa amemteremsha Umwali magotini, maharage ya mbegu yamemwagika mkekani na hakuyaona. "Mama Aurélie," alisema, "na mie?"

"Weye ulishaiona," alisema Verdiane, akawashika watoto mikono kwenda kuwaosha miguu.